Kauli Kabla ya Kamera: Uhakiki wa Msaada kwa Wanachuo katika Kazi za Video, Biharwe na Nakivale, Uganda

Ikisiri

Tangu vyuo vya Uganda vilipofungwa Machi 2020, kazi za video zimejipatia nafasi ya kudumu katika tathmini ya wanachuo. Makala haya yanahakiki namna wanachuo wa Kiswahili wanavyosaidiwa kutekeleza kazi hizo katika eneo la Mbarara, yakijikita katika mahali pawili: Biharwe, penye makumbusho na mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Hoja kuu ni kwamba msaada huelekezwa kwenye chombo ilhali upungufu mkubwa uko katika utungaji wa usemi. Mpangilio huo humwadhibu mwanachuo ambaye ndiye anayeishi ndani ya Kiswahili kila siku. Uhakiki unaongozwa na mawazo ya Pio Zirimu na Austin Bukenya kuhusu fasihi simulizi na stadi ya usemi. Makala hayaripoti takwimu za uga. Yanasoma agizo la kazi na jedwali la alama kama matini, na kuyapima kwa hali ya mahali yanapotumika. Mwishoni yanatoa mapendekezo sita yasiyohitaji ununuzi wa vifaa.

1.0 Utangulizi

Agizo la kazi ya video kwa kawaida huwa fupi. Mfano ulioundwa kwa ajili ya uchambuzi huu ni huu: "Tengeneza video ya dakika tano kuhusu simulizi moja ya eneo lako. Tumia Kiswahili sanifu. Hakikisha picha na sauti ni safi." Jedwali la alama linaloambatana nalo linaweza kugawa alama 100 hivi: picha 20, sauti 20, uhariri 20, Kiswahili sanifu 20, maudhui 20. Mpango wa namna hii hauna kasoro dhahiri kwa macho ya haraka. Una usawa wa tarakimu, na mhadhiri yeyote anaweza kuutetea mbele ya kamati ya mitihani.

Hata hivyo, alama 60 kati ya hizo zinategemea mashine na mahali: simu ya mwanachuo ina lenzi gani, nyumba yake ina mwanga kiasi gani, mtaa wake una kelele kiasi gani. Alama 20 nyingine zinapima umbali kati ya lugha ya nyumbani kwake na lugha ya kitabu. Simulizi yenyewe, ambayo ndiyo iliyoitwa kwa jina katika agizo, inabakiwa na alama 20. Chuo kinapokuja kumsaidia mwanachuo, kinafuata njia ileile ya alama. Kunaandaliwa semina ya kutumia kamera, kunaazimwa stendi na vipaza sauti, kunafundishwa programu ya uhariri. Ni nadra kukuta kipindi cha kufundisha jinsi simulizi inavyoanzwa, inavyositishwa na inavyofungwa mbele ya watu.

Makala haya yanahoji mpangilio huo. Hayapingi video. Yanadai kwamba video ya mwanachuo wa lugha ni utendaji wa usemi kabla haijawa picha, na kwamba msaada unaosahau jambo hilo huishia kuwasaidia wale ambao tayari wana chombo.

2.0 Mahali na lugha zake

Biharwe iko kando ya barabara kuu ya Mbarara kwenda Masaka. Hapo pana Kituo cha Utamaduni cha Igongo, chenye makumbusho ya watu wa kusini magharibi mwa Uganda, na mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua kunakohusishwa na mwaka 1520. Simulizi inasema kuwa jeshi la Bunyoro chini ya Omukama Olimi lilikuwa likirejea na ng'ombe lililowateka. Giza likashuka mchana, askari wakatawanyika kwa hofu, na watu wa Nkore wakawapata ng'ombe kana kwamba wameteremka kutoka mbinguni. Wanahistoria wameitumia simulizi hii kukadiria nyakati za watawala wa Bunyoro, Nkore na Rwanda. Kwa hiyo Biharwe ni mahali ambapo usemi umepewa kazi nzito: umebeba tarehe.

Nakivale iko katika Wilaya ya Isingiro, kusini mashariki mwa Mbarara, karibu na mpaka wa Tanzania. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika, na mizizi yake ni wimbi la wakimbizi wa Rwanda la mwaka 1959 na miaka iliyofuata. Leo wanaishi humo watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha sokoni, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya maji, hasa kwa wale waliotoka mashariki ya Kongo, ambao wengi wao walizaliwa ndani yake.

Kati ya mahali hapa pawili upo mji wa Mbarara na vyuo vyake. Darasa moja la Kiswahili linaweza kuwa na mwanachuo wa Kinyankole aliyejifunza Kiswahili shuleni tu, na mwanachuo wa Nakivale ambaye Kiswahili ndicho alichobembelezewa nacho utotoni. Wote wawili hupewa agizo lilelile.

Historia inafanya jambo hili kuwa zito zaidi. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri ya mwaka 1973, na kwa Waganda wengi lugha hii ikabaki na harufu ya bunduki na kizuizi cha barabarani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza kutekelezwa mwaka 2020. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kutekelezwa kwa hadhi hiyo na kutaka Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo unahitaji walimu, na walimu wa Kiswahili nchini Uganda hawatoshi. Nchi inayotafuta wasemaji wa Kiswahili inao wasemaji hao ndani ya mipaka yake, baadhi yao wakiwa tayari madarasani. Namna chuo kinavyowasikiliza katika video ya dakika tano ni suala la sera kama ilivyo suala la ufundishaji.

3.0 Fanani asiye na hadhira

Pio Zirimu, mwanaisimu wa Uganda, aliunda istilahi ya Kiingereza ya kuitaja fasihi simulizi bila kuifanya kivuli cha maandishi. Yeye na Austin Bukenya, katika mada yao kwa ajili ya kongamano la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977, walitetea stadi ya usemi kama nyenzo ya maendeleo ya Afrika. Kwao, kusema vizuri ni elimu kamili inayofundishika na kupimika. Miaka mitano baadaye Walter Ong alieleza kwamba redio na televisheni zimeleta usemi wa aina ya pili, unaotegemea maandishi huku ukisikika kama mazungumzo. Video ya mwanachuo imesimama katikati ya mawazo haya mawili. Ina sura ya usemi wa Zirimu, lakini inazalishwa katika mazingira ya Ong.

Tofauti kubwa iko kwa hadhira. Fanani wa fasihi simulizi huwasoma wasikilizaji wake: wakicheka anarefusha, wakipiga miayo anafupisha, wakiitikia anapanda. Mwanachuo aliye mbele ya simu hana uso wa kuusoma. Huiona picha yake mwenyewe kwenye kioo, na mara nyingi huanza kuisahihisha hiyo badala ya kusimulia. Akiachwa bila msaada, hukimbilia karatasi. Huandika insha, huishikilia nyuma ya simu, kisha huisoma. Macho hutembea kutoka kushoto kwenda kulia, sauti hushuka mwishoni mwa kila sentensi, na viunganishi vya maandishi kama "aidha" na "kwa upande mwingine" hujipanga pale ambapo msimulizi angesema "basi" au "loo". Agizo liliomba simulizi. Kilichowasilishwa ni insha yenye uso.

Video ya kufikirika ya Biharwe inaonyesha hasara hiyo. Mwanachuo anasimama mbele ya mnara, anataja mwaka 1520, anataja majina ya watawala, kisha anazunguusha kamera kuonyesha mandhari. Picha ni safi na uhariri ni mzuri. Giza halikushuka. Hakuna askari aliyeogopa, wala ng'ombe aliyebaki malishoni bila mwenyewe. Jedwali la mfano litampa zaidi ya alama 70. Mwenzake aliyesimulia tukio hilo kwa pumzi iliyokatika, akaiga mlio wa ng'ombe, akanyamaza kwa sekunde nne pale jua lilipozimika, lakini kwa simu yenye lenzi iliyokwaruzwa, atapata pungufu.

Jambo la kushangaza ni kwamba Afrika Mashariki tayari ina jadi yake ya usemi juu ya picha. Katika vibanda vya video vya Uganda, watafsiri wa papo kwa papo wanaojulikana kama VJ huzitafsiri filamu za kigeni, huwapa wahusika majina ya mtaani, huwakejeli na kuionya hadhira kuhusu kinachokuja. Sauti ya VJ Emmie katika filamu ya Wakaliwood, Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, imekuwa sehemu ya filamu yenyewe. Nchini Tanzania, Lufufu na DJ Mark walijipatia wafuasi kwa kuzisimulia filamu za nje kwa Kiswahili. Watazamaji wengi walichagua kanda kwa kufuata sauti ya msimulizi. Mwanachuo aliyekulia jirani na kibanda anaingia chuoni akiwa na maarifa haya masikioni mwake. Semina ya kamera haimuulizi juu yake.

4.0 Kiswahili gani kinachosikika?

Maandishi huficha lafudhi; video huifichua. Kinyankole hutumia zaidi sauti ya /r/, na msemaji wake anaweza kusema "kurara" akikusudia "kulala". Msemaji wa Kiswahili cha Kongo anaweza kusema "batoto" kwa "watoto", na "niko natumika" akimaanisha "ninafanya kazi". Mambo haya mawili yanafanana kwa sikio la msahihishaji mwenye haraka, lakini asili yake haifanani. La kwanza ni athari ya lugha mama kwa mtu anayejifunza lugha ya pili. La pili ni sarufi ya lahaja hai yenye mamilioni ya wasemaji. Kuyaweka yote chini ya kosa moja liitwalo "Kiswahili kisicho sanifu" ni kumnyima kila mmoja msaada anaouhitaji. Wa kwanza anahitaji mazoezi ya matamshi na muda mwingi wa kusema. Wa pili anahitaji kuonyeshwa kwamba ana rejista mbili, na kwamba kazi yake ni kujua wakati wa kila moja.

Utetezi wa usanifu una uzito wake. Mwalimu wa kesho atasimama mbele ya wanafunzi watakaofanya mtihani wa taifa, na mtihani huo hautapokea "batoto". Kwa sababu hiyo hakuna haja ya kuondoa usanifu katika tathmini. Kinachohitajika ni kuutenganisha na usimulizi. Mwanachuo anaweza kuombwa aufungue na kuufunga mkanda kwa Kiswahili sanifu, akimtambulisha msimulizi na mahali, kisha maneno ya mhusika au ya mzee anayenukuliwa yabaki katika lahaja yake. Hivi ndivyo waandishi wa riwaya wanavyotenganisha sauti ya msimulizi na ya wahusika, na hakuna mhakiki anayewakata alama kwa hilo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeipokea Kongo kuwa mwanachama tangu mwaka 2022. Kiswahili cha Jumuiya hakiwezi kuendelea kusikika kana kwamba mpaka wake wa magharibi ni Ziwa Tanganyika.

5.0 Uso, mahali na gharama

Kwa mwanachuo wa Nakivale, agizo la "onyesha uso wako na eneo lako" lina maana nyingine. Mtu aliyekimbia anaweza kuwa bado anatafutwa, au ana ndugu waliobaki nyuma. Video ikishapakiwa kwenye jukwaa la wazi, haina mlango wa kurudi. Uganda ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Agizo la kazi ya darasani halipaswi kumfanya mwanachuo achague kati ya alama na usalama wake. Zaidi ya hayo, makazi ya wakimbizi yanasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, na upigaji picha humo ni jambo la kuombewa ruhusa. Mwanachuo anayetoa simu yake mbele ya kituo cha usajili bila barua anaweza kujikuta akihojiwa. Barua ya chuo yenye mhuri, inayoeleza kazi na matumizi yake, ni msaada mkubwa kuliko stendi ya kamera.

Gharama nayo haigawanyiki sawa. Dakika tano za video ya ubora wa juu zinaweza kufikia mamia ya megabaiti, wakati sauti ya muda huohuo huweza kutosha katika megabaiti chache. Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, na mwaka 2021 tozo hiyo ikabadilishwa kuwa kodi ya asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti. Kila mara mwanachuo anapoambiwa "rudia, picha haionekani vizuri", kuna mtu anayelipia kifurushi. Katika kazi za vikundi, tofauti hii hugeuka cheo: mwenye simu nzuri huwa mwongozaji, na asiye nayo hushika mkoba, hata kama yeye ndiye msimulizi bora.

Vikwazo vya namna hii si lazima viondolewe kwa fedha. Mwaka 2019 mamlaka za mawasiliano za Uganda ziliruhusu wakimbizi kusajili laini za simu kwa nyaraka zao za ukimbizi. Maandishi ya ukurasa mmoja yalifungua mlango ambao vifaa vya msaada visingeufungua.

6.0 Pingamizi na mipaka ya hoja

Pingamizi la kwanza ni kwamba soko la ajira linataka ujuzi wa kamera na uhariri. Ni kweli, na kozi za uanahabari zina haki ya kuupima. Kozi ya Kiswahili inapoupima bila kuufundisha, huwa inapima mali.

Pingamizi la pili ni la miaka ya karibuni. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, baadhi ya wahadhiri wanaiona video kama kinga dhidi ya insha zinazoandikwa na mashine. Kinga hiyo ni dhaifu ikiwa mwanachuo anaruhusiwa kusoma karatasi mbele ya kamera, kwa kuwa mashine iliyoandika insha inaweza kuandika pia hati ya kusomwa. Kinachoithibitisha kazi ni usimulizi wa vidokezo na maswali ya papo kwa papo baada ya kutazama. Kwa hiyo anayeogopa mashine ana sababu zaidi ya kuutanguliza usemi.

Mpaka mmoja wa hoja hii ni lazima utajwe. Kwa mwanachuo kiziwi anayetumia lugha ya ishara, picha ndiyo kauli yenyewe, na mwanga hafifu hufuta maneno yake kama vile kelele zinavyofuta ya wengine. Katiba ya mwaka 1995 inaitaka dola ikuze lugha ya ishara. Kwake, kamera nzuri na mwanga wa kutosha ni haki ya lugha, na chuo chenye kamera moja tu kinajua ianze kwa nani.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba agizo na jedwali la alama ni matini zinazobeba mtazamo kuhusu lugha. Zikiitanguliza picha, humtuza mwenye chombo. Zikiuchukulia usanifu kuwa kosa au si kosa tu, humnyamazisha msemaji wa lahaja. Yanapendekezwa mambo sita.

Kwanza, rasimu ya kazi iwe ya sauti. Mwanachuo awasilishe simulizi kwa ujumbe wa sauti wa simu, wenzake wawili waisikilize na kumwambia ni wapi walipopotea, ndipo apige picha.

Pili, atumie kadi ya vidokezo visivyozidi vitano badala ya hati kamili, na angalau msikilizaji mmoja akae nyuma ya simu ili fanani awe na uso wa kuusoma.

Tatu, msahihishaji aisikilize kazi kwanza bila kuitazama, atoe alama za usimulizi, kisha aitazame na kuitolea alama za picha. Kwa video za lugha ya ishara, mpangilio huu usitumike.

Nne, usanifu upimwe katika sehemu zilizotajwa wazi kwenye agizo, na maoni ya msahihishaji yatenganishe athari ya lugha mama na sarufi ya lahaja.

Tano, uso usiwe sharti. Mikono, vitu, michoro au mandhari zisizotambulisha mtu zikubalike kwa alama zilezile, bila mwanachuo kulazimika kueleza sababu zake. Kazi isipakiwe hadharani pasipo idhini ya maandishi.

Sita, chuo kitoe barua ya ruhusa mapema, kipokee kazi kwa kadi ya kumbukumbu au kwa kuhamisha faili ana kwa ana, na kiweke kikomo cha ubora wa picha badala ya kiwango cha chini.

Kwa washauri wa sera, suala linalobaki ni la kitaifa. Mabaraza yanayosimamia elimu ya juu na mafunzo ya ualimu yanaweza kuyaingiza mambo haya katika miongozo ya tathmini kabla ya kundi jingine la walimu wa Kiswahili kuhitimu. Miongoni mwa wanaosubiri kusikilizwa wamo vijana wa Nakivale wanaokisema Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku. Wakikatwa alama kwa sababu ya lenzi na ya kiambishi kimoja, shule zitakazohitaji walimu mwakani zitaendelea kuwakosa.